Hatujawahi Kufika Mwezi wa Sita

Mimba ya kwanza ya binti yangu ilitaka udongo na maembe mabichi ya kuchovya kwenye chumvi. Ya pili ilitaka vitabu. Alinipigia simu kutoka Makote alikoolewa, akaniamkia, akauliza habari za kuku, za shule, za mguu wangu mbovu, akazunguka weee, mwisho akasema, "Mama, wewe ni mwalimu. Nitafutie kitabu cha kulea mtoto. Cha mwaka wa kwanza."

"Cha nani?" nilimuuliza.

"Cha kusoma tu."

Kwetu mimba haitangazwi kama mnada. Mwenye masikio huelewa, na asiyeelewa husubiri tumbo limwambie. Nilielewa. Nilifurahi, kisha nikaogopa, na woga ulikuwa mkubwa kuliko furaha, kwa sababu mtoto wake wa kwanza tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia.

Alikuwa wa kiume. Alizaliwa msimu wa korosho, mabibo yananuka kila kona, naye akawa mnene, mwenye hasira, analia kama anayegombea shamba la urithi. Mwezi wake wa tano ulipokuwa unaishia alishikwa na homa na kikohozi. Jumamosi alikuwa anacheka na Jumatatu hakuwepo. Alifia mgongoni kwa mama yake wakiwa njiani kwenda hospitali, na mama yake hakujua. Alifika, akaifungua kanga, ndipo akajua.

Mtoto wa kunyonya kwetu hawekewi matanga. Alizikwa mchana, na jua lilipotua mikeka ilikuwa imeshakunjwa. Mama mkwe wa binti yangu ndiye aliyemwosha na kumfunga sanda. Alipomaliza alikuja akamshika mwanangu mabega, mikono yake bado ina maji, akamwambia, "Usilie, mwanangu. Machozi ya mzazi yanafunga tumbo. Ukimlilia huyu, mwenzake ataogopa kuja." Kina mama wote waliokuwa pale waliitikia. Na mimi niliyefundisha sayansi miaka nenda miaka rudi niliitikia pia, maana niliambiwa hivyohivyo ujanani kwetu Lupaso, na siku ile sikuwa na neno lingine la kumpa. Binti yangu hakulia. Wiki ileile alikuwa shambani anapalilia, na watu wakamsifu kwamba ana moyo.

Basi mtu huyo ndiye aliyetaka kitabu.

Shule zilipofungwa niliteremka kutoka Newala ninakoishi mpaka Masasi. Vitabu Masasi vipo, asikudanganye mtu. Vipo vya sala, vipo vya kumpata mchumba, vipo vya kufuga kuku wa kienyeji ukatajirika. Nilipomtajia muuzaji mmoja kitabu cha kulea mtoto mchanga alifikiri kidogo, akanishikisha kile cha kuku. "Mama, hiki nacho kina vifaranga," akasema, wala hakuwa anatania. Nilimtazama kwa jicho ninalowatazamia wanafunzi wa nyuma, akainama chini ya meza akatoa kingine.

Nilikisoma palepale, nimesimama juani. Kilikuwa kimeandikwa na mtu mwenye ugomvi na kina mama. Mtoto akikonda, mama mzembe. Akiharisha, mama mzembe. Nilimtafuta baba nikamkuta ukurasa wa mwisho, anashauriwa kuwa mvumilivu. Karibu na picha ya mtoto amelala kitandani palikuwa na maneno mazito kwamba watoto wengi hufa kwa sababu mama zao hawakuwa macho. Nilimrudishia muuzaji kitabu chake kwa hasira mpaka akaniuliza kama kimechanika.

Pale ndipo nilipojua natafuta nini. Sikuwa natafuta kitabu chenye elimu nyingi. Nilikuwa natafuta kitabu ambacho hakitamshtaki mwanangu. Maana nilimjua. Hakuwa anataka kujifunza kumwogesha mtoto, hilo alishalijua. Alitaka kupekua ukurasa kwa ukurasa mpaka auone ule uliomuua mtoto wake, na pembeni yake aone jina lake yeye kama mkosaji.

Kitabu cha pili aliniletea mwalimu mwenzangu, binti yake amekitoa Dar es Salaam. Hicho kilikuwa kinene, kimetafsiriwa, kina picha za rangi. Mtoto wa mle ana chumba chake, ana kipimo cha kupimia joto la maji, ana kiti chake ndani ya gari. Kinasema mtumbukize mtoto majini mpaka kifuani. Newala hii! Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anashuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo moja ya nyumba nzima, na mpaka leo bomba likikohoa siku mbili tunarudi kupima maji kwa kata. Kinaonya pia juu ya harufu ya rangi mpya ukutani. Nikajiuliza rangi ipi, wakati Makote mwezi ule watu wanapulizia mikorosho salfa na vumbi lake la njano linaingia mpaka ndani ya sufuria. Nilichukua kalamu nikakata neno rangi, nikaandika salfa.

Lakini kitabu kile kilikuwa na adabu, lazima nikiri. Kiliongea na mama kama mgeni anayeongea na mwenye nyumba. Kimegawanywa mwezi kwa mwezi, na kila mwezi unaanza kwa kumuuliza mama yeye mwenyewe anaendeleaje, amelala, amekula, kabla hakijauliza habari za mtoto. Nilikipenda kwa hilo. Nikasema hiki kitakwenda.

Cha tatu kilikuwa kijitabu chembamba cha kliniki, nilichopewa na muuguzi mmoja wa hapa mjini. Kina michoro ya wino mweusi tu, Kiswahili chake cha moja kwa moja, na katikati kina kurasa mbili za dalili za hatari. Ndicho kilichonisumbua. Kati ya vyote nilivyoshika, kurasa zile mbili ndizo zenye manufaa kuliko zote, na ndizo nilizotaka asizione. Kwa siku kadhaa niliviacha vitabu mezani, nikawa nakipeleka kile kijitabu kabatini na kukirudisha. Nikimnyima, mtoto anayekuja atalindwa na nini? Nikimpa, aliyeondoka atafufuka amzuie usingizi. Mwishowe nilikiweka chini ya kile kinene, nikamwachia Mungu.

Kumbe hata hivyo vitabu havikubaki Makote. Mama mkwe wake alikataa. Si mtu mbaya, na sitaki asomwe vibaya. Nilipokwenda na mfuko wangu tuliamkiana vizuri, akanikaribisha mihogo ya kuchemsha na chai, kisha akauliza ndani ya mfuko mna nini. Nikamwonyesha. Alikipekua kile kinene, hasomi lakini picha anaziona, akafika kwenye mtoto aliyesimama ameshika kiti.

"Huyu wa lini?"

"Huyu ni wa mwezi wa kumi na moja, mkwe."

Akakifunga polepole. "Mkwe, sisi hapa hata kofia ya mtoto hatununui kabla hajalia. Wewe unaniletea miezi yake yote mpaka anasimama? Anahesabiwa mtu ambaye hajatoka? Hapana. Nakuheshimu, lakini hapana. Nilishamfunga mmoja kwa mikono hii."

Ningeweza kubishana. Ninapenda kubishana, mume wangu alikuwa anasema nitabishana na malaika. Ila alikuwa ametaja mikono yake. Nilimaliza mihogo, nikarudi Newala na vitabu vyangu.

Tukapatana hivi: vitabu vitakaa kwangu, na binti yangu, ambaye kliniki yake alikuwa anahudhuria hapa mjini, atapita kuvisoma akitoka kupimwa. Vitabu haviko ndani ya nyumba ya mtoto, kwa hiyo hakuna aliyemtangulia mtoto. Mama mkwe aliridhika na mimi nikaridhika. Hakuna mwandishi wa kitabu chochote kati ya vile aliyewahi kufikiri kwamba kitabu chake kinaweza kuwa na mwiko wa mahali pa kulala.

Binti yangu alikuwa anakaa uani kwenye mkeka, miguu imevimba, anasoma kwa kidole kama zamani nilipomfundisha. Mwezi wa kwanza ulimchekesha. "Mama, eti baba aamke usiku ambadilishe mtoto nepi." Tulicheka mpaka jirani yangu muuza vitumbua akachungulia. Mwezi wa pili, wa tatu, alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na nikaelewa kwamba hasomi kuhusu anayekuja. Alikuwa anamsoma yule wa kwanza. "Ni kweli," anasema, "alikuwa anafuata sauti hivi." Au, "Huyu wao anageuka mwezi wa nne. Wangu aligeuka mapema." Anasema kwa majivuno, mwanangu, kama mama yeyote.

Kile kijitabu alikipata bila mimi. Niliingia ndani kuchukua maji, niliporudi kilikuwa kimefunguka mapajani pake kwenye zile kurasa mbili. Hakuinua macho.

"Mama, njoo unisomee hapa."

"Soma mwenyewe, miwani yangu iko ndani."

"Umeivaa."

Nikakaa. Nikasoma, mtoto anapumua haraka haraka. Mtoto anakataa kunyonya. Kifua cha chini kinaingia ndani anapovuta pumzi. Palikuwa na mchoro, mtoto kifua wazi na mishale midogo. Aliweka kidole juu ya mshale.

"Alikuwa hivi," akasema. "Hivihivi. Mimi nilidhani analia mpaka sauti imekauka. Nikampa ziwa, akakataa, nikasema ana hasira, tangu azaliwe ana hasira."

Nilimwambia maneno ambayo mama huyasema. Kwamba hakujua, kwamba usiku ule mvua ilikuwa inanyesha, kwamba hata daktari hukosea. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza kama kijitabu hiki kilikuwepo mwaka ule. Nilitamani kusema hapana. Nikasema sijui. Bado hakulia, alipangusa tu mchoro kwa upindo wa kanga kama vile una vumbi.

Alipofika mwezi wa tano katika kile kinene aliusoma wote, mpaka mstari wa mwisho, akageuza karatasi, akaona kichwa cha habari cha mwezi wa sita, akakifunga.

"Endelea," nikamwambia.

"Huko hatujawahi kufika," akajibu.

Kila alipokuja baada ya hapo alirudia nyuma, akasoma mwezi wa kwanza mpaka wa tano, akafunga. Nilikuwa naisoma mwenyewe ile miezi iliyobaki akishaondoka, ili siku ikibidi awepo mmoja wetu anayejua.

Mtoto alizaliwa korosho zikiwa zinaanuliwa, wa kike, mwembamba, mpole, hakufanana na kaka yake hata kucha. Alipolia tu, mama mkwe alitangaza kwamba sasa vitabu ruksa, nami nikavipeleka Makote kwenye kikapu. Vilikaa juu ya sanduku la nguo, vimefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni rasmi. Wajawazito wa jirani wakawa wanakuja kuvitazama. Ndivyo nilivyoanza kujulikana kuwa mwalimu wa vitabu vya watoto, na mpaka leo wanakuja, wengine kutoka Chilangala, wakiniuliza kipi wanunue. Nawaambia wafungue katikati, wasome ukurasa mmoja. Wakijisikia wadogo wakiache, hata kama kimeandikwa na profesa. Wakijisikia wamekaribishwa, wakichukue, na kile chembamba cha dalili za hatari wakichukue pia hata kama kinatisha, na wakisome na mtu pembeni. Hawaniulizi kwa nini mtu pembeni, na mimi siwaelezi.

Mwezi wa nne wa mjukuu wangu ulipokwisha, mama mkwe alimleta mwenyewe, yeye na mama yake, na maboga mawili. "Wakae kwako huu unaokuja," akasema. "Hapa hospitali iko karibu." Akakaa kidogo kwenye mkeka, akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Mkwe, hicho kitabu, mwezi wa tano kinasemaje?"

Nikamsomea. Mtoto anacheka kwa sauti. Anashika miguu yake. Anamjua mama yake kwa mbali.

"Basi?"

"Basi, mkwe."

"Hakuna kingine kimeandikwa?"

"Hakuna."

Alitikisa kichwa, akasema wenye vitabu nao hawajui, akaondoka.

Mwezi ule sitaki kuueleza sana. Binti yangu hakulala. Alikuwa anaweka kiganja juu ya kifua cha mtoto na kukiacha pale hata anapokula. Mtoto alikohoa, tukakimbilia hospitali, alikuwa amepaliwa na maziwa tu. Akapiga chafya, tukakimbia tena. Muuguzi akanivuta pembeni akasema, "Mwalimu, mtoto mzima, mgonjwa ni mama." Nikamjibu kwa ukali kwamba nalijua hilo, ila kwa mama hawana sindano.

Halafu mwezi ukaisha. Ulipita kimyakimya kama miezi mingine.

Asubuhi ile binti yangu alikuja jikoni na kitabu kinene mkononi, mtoto kambeba ubavuni. Alikuwa amekifungua mwezi wa sita. "Kinasema tumwanzishie chakula," akasema. "Uji uwe mwepesi, kijiko kimoja kimoja." Tulikoroga uji pamoja, unga laini, chumvi hakuna, tukaupoza kwa kuumimina bakuli hili na lile. Nilikuwa nafanya mzaha, nikamwambia mjukuu wangu kwamba Wamakonde huanza kwa mhogo na yeye anapelekwa kizungu. Tukakaa uani. Mama yake akachota kwa ncha ya kijiko, akampa.

Mtoto akakunja uso, akautema, akafikiri, akafungua mdomo tena.

Binti yangu akaweka kijiko chini. "Mama," akasema, "leo huyu ni mkubwa kuliko kaka yake."

Ni kweli. Mdogo alikuwa amempita mkubwa. Kaka yake hakuwahi kuonja kitu chochote duniani ila maziwa, na kuanzia asubuhi ile angebaki nyuma, kila siku mbali zaidi, na dada yake angesimama, angetembea, angesoma, na yeye angekuwa palepale, mwezi wa tano, kifua wazi.

"Tumemwacha, Mama," akasema. "Tumemwacha peke yake."

Ndipo alipolia. Nilimpokea mtoto upesi kwa sababu mama yake alianguka ubavu kwenye mkeka, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake, hata akiwa mdogo, hata siku ya kuzaa. Kilio kile kwetu kila mtu anakijua. Nikasikia milango ya jirani inafunguliwa, na wa kwanza kufika alikuwa muuza vitumbua, kichwa wazi, mikono imejaa unga.

"Mtoto!" akasema. "Mtoto amefanya nini?" Akamwona mapajani pangu, mzima, uji kidevuni, ananyonya ngumi yake. Akasimama amechanganyikiwa. Jirani huyu ni mwenzangu tangu nihamie mtaa ule, na najua angemwinua binti yangu, angemwambia nyamaza, mshukuru Mungu, mtoto si huyu hapa. Nilimwona anainama kufanya hivyo.

"Mwache," nikamwambia. "Tuna msiba."

"Nani kafariki, Mwalimu?"

"Mjukuu wangu wa kwanza."

"Yule wa mwaka juzi?"

"Huyo."

Akamtazama binti yangu chini pale. Kisha akapangusa unga mikononi, akavua kandambili akaziacha mlangoni, akafungua kanga ya kiunoni akajifunika nayo kichwa. Akaja akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu kama tunavyokaa msibani.

"Poleni sana," akasema.

"Tumeshapoa," nikaitikia, na machozi yangu mwenyewe yakaja.

Majirani wengine waliokuwa wanaingia walimwona alivyokaa, nao wakakaa. Hawakuuliza. Yeye aliweka mkono mgongoni kwa mwanangu, akamwacha alie mpaka pumzi ikamrudia, kisha akamwinamia.

"Mimi sikuwahi kumwona," akamwambia. "Alikuwa anaitwa nani?"

Binti yangu akakaa, akajipangusa uso kwa viganja, akalitaja jina la mwanawe.